Miguu ya Roda

Jumamosi, saa kumi na moja jioni. Msambweni.

Mvua ilinyesha tangu alfajiri, ikakatika tulipokuwa tukitoka kanisani. Nimeketi barazani na gauni langu la ibada. Sijisikii vibaya wala vizuri. Sijisikii kitu.

Leo ilikuwa siku ya kuoshana miguu. Kwetu hufanyika kila baada ya miezi mitatu, kabla ya Meza ya Bwana. Wanaume hukaa upande wao, sisi wanawake kwenye darasa la watoto, kila mtu na mwenzake, beseni moja na taulo moja. Mchungaji alisoma ile sura ya Yesu kuwaosha wanafunzi wake, akafika pale anapowaambia kwamba watu watawatambua kwa kupendana kwao. Nimeyasikia maneno hayo tangu utotoni, kule kwetu Kikoneni. Leo yalinipita kama tangazo la mkutano wa wazazi.

Nilikuwa nimejipanga. Tangu wiki jana nilikubaliana na Bibi Wakesho, mzee wa kanisa, kwamba tutaoshana mimi na yeye, nisije nikapangwa na Roda. Asubuhi tukaambiwa bibi ana homa.

Nikabaki na Roda.

Niandike wazi, maana humu mtandaoni hakuna anayenijua. Roda alikuwa rafiki yangu wa chanda na pete. Nilimwambia alichotuambia daktari: kwamba hatupati mtoto, na tatizo liko kwa mume wangu. Nilimwambia yeye peke yake. Jumatano iliyofuata, kwenye kikao cha akina mama, alisimama akalitoa kuwa ombi la maombi, tena kwa majina, huku analia. Akina mama wakaomba kwa bidii, kisha wakaenda nyumbani wakawaambia waume zao. Jumamosi mume wangu alifika kwenye lango la kanisa akageuka. Sasa yuko Taru, ananunua mbuzi, na huu ni mwezi wa tatu hajalala nyumbani. Simu zangu anapokea. Tunazungumza habari za mbuzi.

Roda alipiga magoti kwanza. Aliniosha polepole, hata katikati ya vidole, akanikausha.

"Nisamehe, dada yangu," akasema. "Mimi nilidhani ninakuombea."

Najua alidhani hivyo. Hilo ndilo linalonichosha zaidi, maana sina hata mtu mbaya wa kumchukia.

Nami nikapiga magoti. Visigino vyake vimepasuka. Wengine wote walikuwa wamemaliza, na mama shemasi amesimama na jagi mkononi akitutazama.

"Nimekusamehe, Roda," nikasema.

Akanikumbatia, akalia begani kwangu. Mikono yangu ilimshika jinsi inavyoshika mashuka ya wageni pale hotelini ninapofua.

Kisha nikaenda mezani pa Bwana nikala mkate.

Nilipofika nyumbani, jirani yangu Bi Mwanaisha alikuwa akianika nguo. Nikamwamkia, akaniuliza habari za ibada, nikamweleza.

"Hata mliokosana mwaoshana?"

"Hasa hao, bibi."

"Mashallah. Basi nyinyi mwapendana kweli. Mimi miguu ya wifi yangu siishiki, Mungu anisamehe."

Nikacheka kidogo, kwa adabu, nikapita. Laiti angejua alichokuwa akikisifu.

Saa tisa Roda alinitumia ujumbe: "Tangu siku ile sijapata usingizi. Leo nitalala. Mungu akubariki, dada." Nimeusoma mara nne nikingoja kitu kinipande kooni, hasira au huruma, chochote. Hakijapanda.

Ninaweza kumwacha alale kwa uongo wangu. Tutaoshana hivyo hivyo kila miezi mitatu mpaka tuzeeke, na majirani watatusifu. Wala si maisha mabaya, wengi wanayaishi. Lakini kile tulichokuwa nacho mimi na Roda hakitarudi kwa njia hiyo, na nikiandika haya ninagundua kwamba ninakitaka. Ni jambo la kwanza kulitaka tangu mume wangu aondoke.

Kesho baada ya chai nitakwenda kwake. Nitamwambia kwamba nilimdanganya nikiwa nimeushika mguu wake, kwamba sijamsamehe, na kwamba nimekuja hata hivyo.