Karatasi ya Shamba

Dada Neema, nakusihi, maneno haya yabaki kwako peke yako. Huku Nyakabere kuna joto na mihogo mitamu, lakini nina hasira. Jana mkubwa wetu wa ofisi ya ardhi ninamofanya kazi alimpa mjane mmoja karatasi ya Kifaransa atie kidole, eti inamlindia shamba. Kumbe ilisema ameliacha! Nikamnong'oneza ukweli huo kwa Kifuliiru. Mjane akarudisha mkono, akasema:

“Soma kwa Kiswahili, mukubwa, tusikie wote.”

“Mama, hii ni lugha ya serikali.”

“Basi serikali itie kidole chake!”

Watu wakacheka. Shamba bado ni lake. Lakini mkubwa akaniuliza kama najua Kifuliiru, nami kwa woga nikaikana lugha ya mama yetu.

Mimi mdogo wako nakukumbuka sana. Usipige simu ofisini. Barua mpe muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, wa Kavimvira anayekuja huku, na usiandike hata neno moja la Kifuliiru.