Hisa za Kiwanda cha Saruji

Mdogo wangu mpendwa,

Mimi mzima, ila nyumba imepooza tangu tumzike shemeji yako. Umeniuliza kama nimeuza hisa zake za kiwanda cha saruji. Bado. Kampuni imezama kwenye madeni na bei inazidi kuporomoka. Kila Jumamosi wenye hisa wadogo tunakutana kwa kinyozi kubishana.

“Uzeni, hii imeshakufa!” kinyozi anafoka.

“Acha woga, itapanda,” fundi cherehani anamjibu, kisha ananigeukia. “Mama, hebu tuamue.”

Juzi nilikwenda kwa dalali kuuza. Nilishika kalamu, nikairudisha mezani, nikaondoka. Nikiuza, sitakuwa tena mwenzao, na Jumamosi nitashinda na redio.

Usinigombeze.

Dada yako