Dawa Aliyoikataa Baba

Wodini, Ileje
4 Machi 2024

Mwanangu Atupele,

Hamjambo huko Tunduma? Mimi nipo. Simu uliyopiga sikuisikia, masikio yangu unayajua, basi naandika. Baba yako mdogo Rabson atakuletea.

Leo siku ya tano tangu wanipasue utumbo. Nikivuta pumzi naona kama mshono unafumuka. Panadoli zinapita tu. Diklofenaki daktari ameikataa kwa ajili ya vidonda vyangu vya tumbo. Tramadoli ilinitapisha. Imebaki mofini ya maji, ile dawa kali ya maumivu, nami nimesema hapana. Ndiyo aliyokunywa mama yako Rozi, na mwezi haukuisha tukamzika. Nitavumilia.

Baba yako,
Andongwisye

Tunduma
6 Machi 2024

Shikamoo baba,

Sisi wazima, ila mawazo yote yako huko. Nimeongea na nesi Jenista. Anasema hukohoi, hugeuki, unapumua juujuu, na kifua kimeanza kujaa. Panadoli peke yake haiwezi mshono mkubwa namna hiyo. Mofini kidogo, siku chache, wakikuangalia, haitakudhuru.

Baba, nimeficha jambo miaka mitatu. Dawa haikumuua mama, ni saratani. Mimi ndiye niliyekuwa namnywesha, na niliogopa kama unavyoogopa wewe. Waliandika kijiko kizima, nikampa robo. Siku nyingine sikumpa kabisa. Aliniambia, "Atu, niongezee." Nikamjibu imeisha. Baada ya mazishi niliimwaga, zaidi ya nusu chupa ilikuwa imebaki.

Tafadhali, kunywa.

Mwanao,
Atupele

Wodini, Ileje
15 Machi 2024

Mwanangu Atupele,

Jenista ameniambia unapiga simu kila siku. Naendelea vizuri, kifua kimefunguka.

Barua yako niliisoma, nikairudia siku mbili. Ya tatu nikamwita nesi, nikanywa. Haikupita saa nikakohoa, nikageuka mwenyewe, nikalala. Nilipoamka nililia, na nesi akadhani dawa imeshindwa. Nikamwambia imefanya kazi. Hapo ndipo nilipojua Rozi alikuwa anakuomba nini.

Nami sina pa kujificha. Mama yako alipougua nilikaa chumba cha pili, nikakuachia kazi ile peke yako, kwa kuwa nilishindwa kumtazama.

Kesho Jumamosi wananiruhusu. Rabson atanifikisha nyumbani Isongole. Wewe usije kwanza, mwanangu. Siyo kwamba nimekukataa. Nikiweza kukutazama, nitakuandikia.

Baba yako,
Andongwisye