Kitenge Chako Sasa Kinanuka Mbwa

Mama,

Shikamoo. Nimeandika neno hilo nikasimamisha kalamu kidogo kwa mazoea, nikingoja uitikie. Ni mimi, mwanao Ghati. Nimekaa kwenye kigoda chako nje ya jiko, karatasi nimeiweka juu ya ungo. Nimefanya jambo, na nataka ulisikie kutoka kwangu kabla Shangazi hajakufuata huko akakusimulia kwa jinsi yake. Unamjua.

Unakumbuka kile kitenge chako cha bluu chenye kuku? Siku walipogawa nguo zako, Shangazi alikiulizia mara mbili. Nikamwambia kilipotelea hospitalini. Ulikuwa uongo. Nilikuwa nimeshakifunga kwenye mfuko wa nailoni, mafundo mawili, nikakisukuma chini ya godoro. Sikutaka kukivaa. Nilitaka ile harufu yako, ya moshi na maziwa na ile dawa ya kuchua magoti. Kila Jumapili nikitoka kanisani nilikuwa nafungua mfuko, navuta pumzi moja, nafunga. Moja tu, Mama, sikuwa mroho. Nilijua itaisha, ndiyo maana nikawa naibania.

Sasa nikueleze ilivyoisha.

Kule wodini, siku ya mwisho ambayo uliongea ukaeleweka, niliinama nikidhani utanipa maneno yangu. Ukanishika mkono ukasema, "Ghati, paka wangu wasihame. Watu wataondoka, wana mambo yao. Paka wangu wasihame." Nikasema sawa, Mama. Nilikasirika, leo nakuambia. Nimekuuguza miezi yote ile, halafu neno la mwisho linakuwa la paka. Lakini ndilo ulilonipa, sina jingine, nikalishika.

Na walitulia kweli. Yule jike, Bibi Afya, aliendelea kukagua masufuria yote kama mkaguzi wa afya, ndiyo maana ulimpa jina hilo, na akawa analala kitandani kwako, upande wa miguuni, hata baada ya sisi kutandua. Mgambo naye anazunguka ghala la mtama kutwa nzima na panya hashiki, kama zamani. Nyumba ilikuwa na paka wawili na mimi. Nilikuwa nasema nao. Usinicheke.

Mwezi uliopita fisi waliingia zizini wakabeba yule mbuzi mwenye pembe moja. Mdogo wangu Marwa alipopata habari aliomba ruhusa huko Natta, kwenye ile kambi ya watalii anakofua mashuka, akaja na pikipiki. Mbele yake alikuwa amepakata kiroba kinachotingishika. Akakifungua pale uani, akatoka mtoto wa mbwa, mwekundu, tumbo kama kibuyu, sikio moja limesimama na jingine bado linafikiri.

Akasema, "Dada, unaishi peke yako hapa Nyambureti, fisi wanaingia kama kwao. Siku wakija utabweka wewe?"

Nilicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu tukuzike, na niliona aibu papo hapo.

Kosa langu ni hili. Nilimchukua yule mbwa nikamweka katikati ya nyumba mbele ya paka wako, nikasema kwa sauti, "Huyu ni mwenzenu." Kama natambulisha mgeni kanisani! Mgambo alipaa mpaka kwenye kenchi ya paa. Bibi Afya hakukimbia kwanza. Alimsogelea mbwa akamchapa kofi la pua, damu ikatoka, kisha akaruka dirishani. Siku mbili alikaa juu ya ghala ananitazama. Siku ya tatu ghalani hayupo.

Mama Rhobi, jirani yetu, alinipigia kelele kutoka ng'ambo ya mtaro: "Ghati! Paka wa mama yako yuko huku, anakula dagaa wangu. Mmegombana?"

Nikaenda na kapu nikamrudisha. Maji ya ugali hayajachemka, ameshaondoka. Nikamrudisha tena kesho yake, akaondoka tena. Safari ya tatu nililia njiani na kapu kichwani, watu wakanipa pole wakidhani nimefiwa upya. Sikuwasahihisha. Ulinipa jambo moja, Mama. Moja! Na lilikuwa linanitoka mikononi.

Marwa akapiga simu. Alikuwa amemuuliza mgeni mmoja pale kambini, mama wa Kizungu mwenye paka saba kwao. Kamwambia wanyama wasionane kwanza, wapewe nguo wasikie harufu ya mwenzao, wazoeane kwa pua. Nilikata simu nikakaa chini. Huyo mama kapanda ndege kuja kumfundisha Marwa kitu ambacho wewe ulikuwa unakifanya zizini hapa hapa.

Nilikuwa mdogo, lakini naikumbuka siku hiyo yote. Ng'ombe mweupe alikuwa amefiwa na ndama wake, na upande wa pili kulikuwa na ndama aliyefiwa na mama. Ulimfunika yule yatima kwa ngozi ya ndama aliyekufa, ukaifunga kwa kamba chini ya tumbo, ukampeleka. Ng'ombe alinusa mgongo, akanusa tena, akaanza kumlamba, na maziwa yakashuka. Nikakuuliza kwa nini usimwambie tu kwamba huyu si mwanawe ila amnyonyeshe. Ulicheka mpaka ukashika uzio. "Mnyama hasikii unachosema," ukasema. "Anasikia unavyonuka."

Kwa hiyo nilijua la kufanya. Nakuapia nilianza na khanga yangu. Nilimsugua nayo mbwa mwili mzima, nikamfungia jikoni, nikaenda kwa Mama Rhobi nikamwekea Bibi Afya ile khanga mbele yake. Aliinusa mara moja akageukia dagaa. Harufu yangu haimhusu. Miaka yote nimemkaangia vichwa vya samaki, na harufu yangu haimhusu.

Ikabaki ile ya chini ya godoro.

Siku nne nilizunguka. Nilijiambia paka ni paka, nyumba nyingi hazina paka, wewe umeshakufa na hujui. Kisha nakumbuka mkono wako. Alhamisi mchana nilimleta Bibi Afya kwenye kapu, nikafunga milango na madirisha, nikatoa mfuko. Kabla ya kufungua nilikuomba radhi. Nikavuta pumzi, safari hii nyingi, nikafukia uso wote, na ulikuwepo, Mama, ulikuwepo kabisa kama umeinama unanifunga kamba ya viatu. Halafu nikamfunika mbwa.

Nilimsugua kichwa, shingo, tumbo. Yeye alidhani ni mchezo. Alitafuna pindo, akakojoa juu ya kuku mmoja wa kitenge.

Nikafungua kapu. Bibi Afya alitoka ameinua manyoya, tayari kwa kofi. Akasimama. Pua yake ikaanza kucheza. Alimsogelea mbwa polepole, akamnusa sikio, akanusa shingo, na akatoa ile sauti fupi ya kooni aliyokuwa anakupa wewe tu ukirudi kutoka mnadani. Hajawahi kunipa mimi. Kisha akampita mbwa na kutazama nyuma yake. Akaenda mlangoni akaukwaruza. Akaingia chumbani kwako, akapanda kitandani, akashuka, akachungulia uvunguni, akarudi. Aliita tena. Nikamwambia, "Hayupo, Bibi Afya. Hayupo." Nikajisikia nasema hivyo, na ndipo nikaelewa kwamba hayupo.

Baadaye alichoka. Alirudi kwa mbwa, akajikunja juu ya kitenge, mgongo wake kwenye tumbo la yule mtoto, akalala. Jioni Mgambo alishuka kwenye kenchi akala uji na mbwa sahani moja, kwa sababu yeye hajawahi kuwa na msimamo.

Nilipomwambia Marwa alishangilia. "Umeona, Dada? Umeweza!" Nikasema ndiyo. Sikumwambia kilichotumika.

Lakini wewe nakuambia. Niliwachukia wote. Nilimchukia mbwa kwa kuwa alivaa kitu nilichokuwa nakinusa kwa pumzi moja kwa wiki. Nilimchukia Bibi Afya zaidi, maana alikupata mchana mzima. Na wewe, nisamehe, wewe pia, kwa kunipa kazi ambayo siwezi kuimaliza bila kukumaliza.

Jana mvua ilinyesha, mbwa akaloa, hana tena harufu yako hata kidogo. Nilingoja kuona kama Bibi Afya ataondoka. Hakuondoka. Alimnusa, akapiga chafya, akamlalia vile vile. Ameshamzoea kwa harufu yake mwenyewe, yeye hahitaji tena kitenge. Ni mimi tu ninayekihitaji.

Mbwa hana jina. Marwa anataka aitwe Simba, mimi naona atachekwa. Majina ulikuwa unatoa wewe. Kila nikijaribu najiona naiga, naacha. Ninamwita "wewe," na anaitika.

Paka wako hawajahama, Mama. Hilo nililokuahidi limetimia, lala. Nakuahidi na jambo jingine, na hili hukuniomba. Kitenge sitakifua, hata kwa huo mkojo. Nimekirudisha kwenye mfuko, mafundo mawili, chini ya godoro. Jumapili nikitoka kanisani nitafungua na kuvuta pumzi moja. Nitasikia mbwa. Nitafunga, na Jumapili inayofuata nitafungua tena.

Kwaheri, Mama.

Ni mimi mwanao,
Ghati