Sukari ya Astrid Si Sukari ya Wazee

Ngungu, tarehe 6 Juni 2022

Mpendwa dada yangu Dorothée,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. U hali gani huko Lubumbashi? Yale mafua yaliisha? Sisi tunapumua, maharage yamekomaa, na mke wangu Uwamariya bado anaringa na kitenge ulichomtumia. Kwenye simu uliniuliza binti yetu Astrid anaendeleaje, nikakujibu haraka kwamba ni mzima. Nilikudanganya, dada. Tulikaribia kumzika.

Unakumbuka anachomwa sindano za sukari tangu ana miaka sita. Hospitalini, upande wa watoto, muuguzi Mama Emérita alimjua kama anavyojua wanawe. Mwezi wa nne Astrid alitimiza miaka kumi na sita, wakatuambia ahamie upande wa wakubwa. Nilifurahi kama mjinga.

Huko tulikaa benchi moja na wazee wenye fimbo. Kadi yake ya zamani ilikuwa imebaki kwa watoto. Muganga wa huko, daktari asiyemjua, akamuuliza anaugua nini, nikajibu mimi, kama nilivyojibu miaka kumi: "Iko na sukari." Basi. Wazee wote pale walikuwa wamesema neno hilohilo wakapewa vidonge, naye akaandikiwa vidonge. Astrid alinivuta koti. Nikamkazia macho, maana kwetu mtoto hasahihishi mkubwa mbele ya watu.

Nyumbani aliomba sindano yake. Nilimkatalia, nikisema muganga ameamua na dawa mbili zitamdhuru. Siku ya pili alitapika kutwa, akawa anahema kwa nguvu, mdomo unanuka ndizi mbivu. Mimi nilikuwa napiga magoti kuomba, na chupa ya dawa yake ya sindano iko palepale, ikipoa kwenye chungu chetu cha mchanga wenye maji.

Akaniambia kwa sauti ndogo: "Papa, sukari ya bale bazee haiko yangu. Yangu iko ya sindano. Unipe, ao nakufa."

Nilimpa. Akajichoma mwenyewe. Jean-Claude, jirani yetu, akatupeleka hospitali kwa piki kwenye lile tope, mimi nyuma nimemshika asianguke. Alilala na seramu mshipani siku nne.

Muganga yuleyule alipokuja kuuliza, nilifungua kinywa kwa mazoea. Astrid akainua mkono tu. Akaeleza yote: alianza lini, dawa gani, asubuhi kiasi gani na jioni kiasi gani. Muganga aliandika, akaomba radhi. Mimi nilitazama viatu vyangu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mimi miaka kumi nimekuwa nikiwahesabu kunguni wa kitanda chake.

Bado naogopa. Kila asubuhi namuuliza kama amejichoma, ananijibu, "Papa, niko mukubwa," nami nashika jembe langu naenda shambani.

Msalimie shemeji Léopold na watoto wote. Mungu awafunike kwa mkono wake. Lile swali lako kuhusu Astrid silijibu tena. Nimemwachia nafasi hapa chini, aandike mwenyewe.

Ndugu yako akupendaye, hata anapokudanganya,
Valens Hakorimana

Shangazi, leo sukari yangu iko muzuri. Papa alitaka asome hii kwanza, ndipo afunge barua. Nimekatala.
Astrid