Sauti Yako Iliyofika Kituoni

Mafiga, Morogoro
Jumanne

Kaka yangu Hafidhi,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii inakukuta salama, wewe, wifi Khatija na watoto, na kwamba mguu wa mama umepungua uvimbe. Mimi mwili ni mzima, alhamdulillahi, ila usingizi ndio umenikimbia.

Usishangae kupata karatasi badala ya ujumbe wa simu. Yustina, yule muuza matunda, anapanda Kinole kesho kununua nanasi, nimemsihi akukabidhi wewe mwenyewe.

Huku mjini, tangu ulipokamatwa, watu wa kwetu wamebadilika. Kwenye lile kundi letu la wakulima la simuni wamejitoa mmoja mmoja, na waliobaki wanatumiana pole za misiba tu. Mama mwenye nyumba wangu akitaka kusema jambo, anaitia simu kwanza kwenye ndoo ya unga na kufunika. Kila mtu anasema serikali ina mtambo unaosikiliza simu zote.

Wifi alinipigia akanieleza ulivyokaa kituoni siku mbili, na jinsi walivyokuwekea mezani sauti yako mwenyewe, ile uliyotutumia kundini ukituambia tusisaini karatasi za upimaji wa mashamba mpaka tuonyeshwe bikoni za mipaka zimewekwa wapi. Alisema tangu urudi umeizima simu, na hata shambani unaongea kwa kunong'ona. Nilimjibu kwamba mambo ya mitambo hayo, sisi tutayaweza wapi. Nikakata simu haraka kabla hajaniuliza zaidi.

Kaka, hakuna mtambo. Ni mimi.

Siku moja baada ya wewe kutuma ile sauti, alikuja ofisini ninapofanya ukarani bwana mmoja anaitwa Jonathan, mtu wa usalama. Mpole, ananiita dada. Alisema anajua natoka Kinole, na kwamba wakubwa wanataka tu kusikia malalamiko ya wananchi ili wayatatue. Kisha akaniuliza kama ni kweli mkataba wangu unaisha mwezi wa sita. Nilifungua simu nikamsogezea. Akaisikiliza sauti yako mpaka mwisho, akajitumia, nami namtazama. Aliponirudishia akasema, "Asante dada. Chaji yako inaisha."

Lile kundi lina maandishi kabisa kwamba mtu wa nje hawezi kusoma wala kusikia yanayotumwa humo. Halikudanganya. Mimi sikuwa mtu wa nje.

Mkataba nilipewa. Ijumaa iliyopita Jonathan akarudi, safari hii anataka sauti ya mwalimu Abdi, ile aliyowaambia wazee watafute wakili. Nikasema simu imeharibika. Akacheka, akasema niwe nimeitengeneza ifikapo Jumatatu. Jana akaja. Nilimwambia mbele ya bosi wangu kwamba sitoi tena sauti ya mtu yeyote. Hakugomba. Aliandika kitu kwenye kidaftari chake akaondoka, na bosi hajanisemesha tangu hapo. Sasa kila nikisikia viatu ukumbini nainuka kitini. Mwambie Abdi mara tu usomapo hapa ajue wanamtafuta, maana simu yangu siyo peke yake yenye sauti ile.

Nakuomba uwasomee barua hii wakulima wote, na jina langu usilifiche. Wanaogopana bure wakati aliyefanya ni mmoja na anajulikana. Mama usimsomee. Nitakuja Jumamosi nimwambie kwa mdomo wangu. Ikiwa hutaki nikanyage kwako, mwambie Yustina, nami nitakuja hivyo hivyo, nikae nje mpaka mama atoke.

Wifi na watoto nawasalimu sana. Sikuombi unisamehe kwa karatasi.

Ni mimi mdogo wako,
Zuleha