Maji ya Kijani Mlangoni mwa Momba

Mbozi, Jumatano

Nimenawa mara tatu na tope bado lipo kwenye kucha. Pale Mto Momba unapoingia Ziwa Rukwa maji yanapoteza nguvu, na kila yalichobeba kutoka huku milimani kinatua: udongo wetu mwekundu, na mbolea. Mbolea hiyo ndiyo inayolisha utando wa kijani wenye sumu uliofunika maji. Samaki wanaelea matumbo juu.

Nilitumwa kuchukua maji ya kupima. Mama Holo, mfugaji wa kule, akanionyesha ng'ombe wake wawili waliokufa baada ya kunywa pale.

"Bibi shamba, wewe umesoma. Nani katutilia sumu?"

Nikasema tusubiri vipimo.

Vipimo gani? Mimi ndiye niliyewahimiza wakulima wa huku watie mbolea ya kukuzia kabla ya mvua kubwa. Matuta yao yanashuka na mteremko badala ya kuukinga. Niliyaona, nikanyamaza, maana kuyalima upya ni kazi na walishachoka. Mvua ikazoa yote.

Wakati wa kuondoka Mama Holo alinipa chupa ya maziwa, nimpelekee mwanangu. Ipo hapa mezani. Mtoto anauliza kwa nini siifungui.